Matunda kwa Herufi Kubwa

Nianze kwa kusema wazi: mimi Raheli binti Alute ndiye niliyemsahihisha Mwalimu Melkizedeki mbele ya darasa zima, mwaka 1957, na mpaka leo sijaona sababu ya kuona aibu. Wanaosimulia habari hii kule kwetu Ikungi hupenda kusema kwamba nilisimama nikitetemeka. Sikutetemeka. Nilikuwa nimekasirika, na mimi nikikasirika sawasawa sina nafasi ya kutetemeka.

Lakini habari yenyewe haikuanzia chuoni. Ilianzia nyumbani, kwa baba.

Baba yangu, Alute, alikuwa na ng'ombe wachache na mizinga mingi ya nyuki huko porini. Mama, jina lake Maria, alibatizwa nikiwa bado nabebwa mgongoni, nami nikabatizwa pamoja naye. Baba alichukua muda wake. Siku alipotangaza kwamba ataingia darasa la ubatizo, mama alifurahi mpaka akaunguza ugali. Akamshonea shati jeupe la siku ya ubatizo, mkononi, sindano kwa sindano, kwa kuwa cherehani ilikuwa mbali.

Darasa lile lilikuwa la mwinjilisti Isaka. Alikuwa mtu mwema, ila alikuwa na majibu ya haraka mno. Wiki ya tatu baba aliinua mkono, akauliza: "Mama yangu alikufa kabla ninyi hamjafika na vitabu vyenu. Yuko wapi sasa?" Isaka hakusita hata kidogo. Alisema waliokufa gizani wamebaki gizani. Baba akamshukuru, akachukua fimbo yake, akatoka. Mama alilikunja lile shati jeupe akaliweka chini kabisa ya sanduku, na kwa miaka miwili hakuna aliyelitaja.

Ndipo nikachaguliwa kwenda chuo cha ualimu cha misheni, huko Iramba. Baba zangu wadogo walikuja mmoja mmoja kulalamika kwamba msichana wa miaka kumi na minane anatakiwa kwa mume, si shuleni. Baba aliwasikiliza wote, akawapa maziwa, akawaambia nitaondoka Jumatatu. Hakuwa mtu wa kupiga kelele. Siku hiyo ya Jumatatu alinibebea sanduku langu mpaka barabara kuu ya Dodoma, tukakaa kusubiri lori la kwenda Singida.

"Raheli," akasema, "huko unakokwenda wapo watu waliosoma kuliko Isaka. Waulize. Ukimaliza kuuliza uje uniambie kama Mungu wenu alimjua mama yangu au hakumjua. Kama hakumjua, wewe na mama yako msinisumbue tena mpaka nife. Mimi nitakwenda huko huko aliko mama."

Nilisema, "Ndiyo, baba." Lori lilipoondoka nikaanza kuelewa nilichobebeshwa. Bibi huyo nilimpenda kwa habari tu, maana alikufa mimi sijazaliwa. Baba nilimpenda kwa macho yangu. Kama jibu lingekuwa hapana, nisingeweza kuimba kanisani upande mmoja huku baba amekaa upande mwingine na mama yake. Sikumwambia mtu jambo hilo, hata mama.

Chuoni wasichana tulikuwa wanne na wavulana hamsini na kitu. Malkia wa Uingereza alitutazama kutoka ukutani wakati wa hesabu, na Ijumaa, baada ya kazi za bustani, tulikusanyika chini ya picha yake hiyo hiyo kwa ajili ya kitu tulichokiita Utetezi. Kilikuwa kikundi cha Mwalimu Melkizedeki. Yeye alitoka milima ya Usambara, mrefu, mwenye miwani na Kiswahili kilichopigwa pasi. Alisema kwamba tukiwa walimu vijijini tutaulizwa maswali kuhusu imani yetu, na mwalimu anayekimbia swali hafai hata kufundisha a-e-i-o-u. Kwa hiyo aliweka mezani sanduku la sabuni lenye tundu juu. Mtu yeyote aliweza kutumbukiza swali bila kuandika jina. Wengine waliuliza kwa uchungu, wengine kwa uchokozi. Naftali, mvulana wa Kinyiramba aliyekaa mbele yangu, aliwahi kuuliza kama malaika hupata mafua. Mwalimu alijibu yote kwa uso ule ule.

Nilizipenda Ijumaa zile kuliko ninavyoweza kueleza. Nilikuwa nimeimba tangu utoto, nimesali tangu utoto, lakini imani yangu ilikuwa kama kanga ya kuazima kwa mama. Niliivaa kwa uangalifu nikijua si yangu. Katika Utetezi nilijifunza kwamba naruhusiwa kuuliza, na kwamba Mungu haanguki kitini mtu akiuliza. Nilijaza daftari mbili kwa mwandiko mdogo. Nilianza kubishana na Naftali mpaka kwenye foleni ya uji.

Likizo ya mwezi wa sita nilirudi nyumbani na silaha mpya. Mwalimu alikuwa ametufundisha mfano wa saa: ukikuta saa njiani, ukaifungua, ukaona magurudumu yake madogo yanavyozunguka kwa mpango, utajua kwamba yuko fundi aliyeitengeneza. Vivyo hivyo dunia. Nilimsubiri baba amalize kula, nikamweleza mfano wote, na magurudumu nikayachora kwenye vumbi.

Baba alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza, "Huyo aliyedondosha saa, amerudishiwa?"

"Baba, ni mfano tu."

"Najua ni mfano. Lakini katika mfano huo mnakaa kuifungua saa ya watu, badala ya kumtafuta mwenyewe." Mama alicheka mpaka akashika mlango. Baba hakucheka. "Halafu, mwanangu, mimi sikuuliza kama yupo. Mtu gani mjinga asiyejua kwamba yupo? Niliuliza kama alimjua mama."

Niliona aibu kubwa, nakiri. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kwenye magunia ya mtama nikibeba jibu la swali ambalo hakuna mtu nyumbani aliyeliuliza. Nikarudi chuoni nimeamua kwamba swali la baba litaingia kwenye sanduku la sabuni kama lilivyo.

Sasa hapa inabidi nieleze jambo moja kuhusu lugha ya nyumbani. Sisi Wanyaturu, kabla ya misheni na baada yake, yule aliyeumba tunamwita Matunda. Ndilo jina. Halina uhusiano wowote na embe wala ndizi. Bibi yangu, kwa jinsi baba alivyosimulia, alitoka nje kila asubuhi jua likichomoza, akatema mate kidogo kuelekea huko, mate ya baraka, akamtaja Matunda, kisha akawataja watoto wake mmoja mmoja kwa majina. Ndivyo alivyosali maisha yake yote.

Na jambo la pili ni kuhusu vidole vyangu. Katika shule ya misheni niliyosoma utotoni tulifundishwa kwamba Mungu huandikwa kwa herufi kubwa, na majina yale ya wazee wetu huandikwa kwa herufi ndogo, kwa kuwa ni ya giza. Aliyekosea alichapwa rula kwenye vidole. Mimi nilikosea mara mbili tu. Kwa hiyo miaka mingi baadaye, nikiwa nimekaa peke yangu bwenini na karatasi yangu, vidole vilikumbuka vyenyewe, nikaandika hivi: "Bibi yangu alikufa kabla ya misheni kufika. Kila asubuhi aliomba kwa matunda. Je, Mungu alimsikia?"

Ijumaa ikafika. Mwalimu Melkizedeki akafungua karatasi yangu, akaisoma kwa sauti, akaivutia karibu na miwani.

"Swali zuri," akasema. "Muulizaji anatuambia kwamba bibi yake alitoa sadaka ya matunda. Kwetu Usambara pia wako wazee waliofanya hivyo. Peasi, plamu, ndizi mbivu, waliziweka chini ya mti." Akaendelea. Alieleza kwa ufasaha mkubwa kwamba Mungu hali matunda. Alikumbusha kwamba tangu ndugu wawili wa kwanza, aliyeleta mazao ya shamba sadaka yake haikutazamwa. Alisema tusiwacheke wazee, walitoa walichokuwa nacho, lakini tusijidanganye pia: sadaka ya matunda haimfikii Mungu.

"Mwalimu," akasema Naftali, "huyo bibi kama ni wa huku kwetu, matunda aliyapata wapi? Labda alitoa ubuyu." Darasa zima likacheka.

Nilikaa pale nikisikia bibi yangu anachekwa. Mwanamke aliyekuwa akimtaja baba yangu kila jua lilipotoka, sasa amekuwa kikongwe anayempelekea Mungu ubuyu. Na aliyemfanyia hivyo si Naftali wala Mwalimu. Ni mimi, na herufi yangu ndogo. Hasira ilinipanda kutoka miguuni, sehemu yake kwao na sehemu kubwa kwangu mwenyewe. Nikasimama.

"Mwalimu, samahani. Swali hilo ni langu, na umejibu lingine."

Kicheko kikakatika. Enzi zile mwanafunzi hakumwambia mwalimu maneno ya namna hiyo, na msichana ndiyo kabisa. Mwalimu akashusha karatasi. "Eleza, Raheli."

"Matunda si matunda, Mwalimu. Ni jina. Ndivyo Wanyaturu tunavyomwita aliyeumba mbingu na nchi. Bibi yangu hakupeleka embe mahali. Alikuwa anasali. Nimeliandika kwa herufi ndogo kwa sababu nilichapwa mpaka nikazoea."

Nilimwona Naftali akiinamisha kichwa, akikuna meza kwa ukucha. Mwalimu Melkizedeki aliivua miwani yake akaishika mkononi. Nilidhani atanifukuza. Badala yake akaniuliza swali, na nasema kweli, lilikuwa swali gumu kuliko la baba.

"Basi, kama bibi yako alimjua tayari, sisi tumekuja kufanya nini hapa? Tuifunge misheni, twende nyumbani?"

Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua. Daftari zangu mbili hazikuwa na kitu. Saa ya njiani haikunisaidia hata kidogo. Nikafikiria nyumbani, nikafikiria baba na mizinga yake, ndipo nikaanza kusema, sijui hata sentensi itaishia wapi.

"Mwalimu, kwetu mzinga hutundikwa porini, mbali na watu, na hakuna anayeulinda. Lakini umechongwa alama. Kila ukoo una yake. Mtu akipita akaona mzinga juu ya mti, anajua mwenyewe yupo, hata kama hajawahi kumwona. Hagusi. Akikuta umeanguka, anauinua, anaurudisha mtini, anaendelea na safari. Bibi yangu aliona alama. Kila asubuhi aliiona, akaiheshimu. Kuijua alama siyo kumjua mwenyewe, hapo nakubali. Mwenyewe alipokuja kwa miguu yake na kutuambia jina lake, hiyo ndiyo habari mliyotuletea, na nawashukuru. Lakini nakuuliza na mimi. Mwenye mzinga akifika, akaambiwa kwamba kuna mama mmoja aliuinua mzinga wako kila ulipoanguka, maisha yake yote, bila kukujua sura, atamwambia nini mama huyo? Atamwambia 'Sikujui'?"

Mwalimu akavaa miwani, akainuka, akachukua chaki. Nilifikiri ataandika. Hakuandika. Alinipa mimi.

"Nimelijibu swali ambalo halikuulizwa," aliwaambia wote, "na nimemcheka mama wa watu. Raheli, njoo uliandike jina hilo vizuri."

Nilikwenda mbele. Niliandika M kubwa, mguu wake wa kwanza ukavunja chaki, nikamalizia kwa kipande. Matunda. Nikajipangusa mikono kwenye sketi, nikageuka kuwatazama. Kutoka dawati la mbele nikasikia sauti ya Naftali, ndogo kuliko siku zote: "Kwetu tunasema Itunda. Na mimi nilichapwa." Mwalimu akaniashiria, nikaliandika na lile chini yake, kwa I kubwa.

Mtu akiniuliza ni siku gani nilipata imani, sisemi siku ya ubatizo wangu, maana siikumbuki. Nasema ni Ijumaa ile. Nilirudi bwenini nikijua ninachoamini na kwa nini, na hakuna aliyeniazima. Wenzangu watatu walinibeba juu juu mpaka kisimani. Niliwaacha wanibebe. Nilijisikia mkubwa kuliko Malkia pale ukutani.

Desemba nilifika nyumbani mvua za kwanza zimeshanyesha. Baba alikuwa kivulini mwa zizi, anachonga mzinga mpya kwa tezo.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Umekuja na saa?"

"Sikuja na saa."

Nikakaa kwenye gogo, nikamsimulia yote kwa Kinyaturu, tangu karatasi yangu mpaka chaki iliyovunjika. Nilipofika kwenye peasi na plamu za Usambara alitikisa kichwa. Nilipofika kwenye mzinga, tezo ikasimama hewani, halafu akaiweka chini.

"Na huyo mwalimu wa milimani alikubali?"

"Alikubali mbele ya wote."

"Achana naye. Wewe unaamini? Au umenipangia maneno ili mama yako atoe shati sandukuni?"

Hilo sikulitegemea. Kumbe alijua shati liko wapi. "Baba," nikamwambia, "bibi yuko mahali gani, sijui, na sitakudanganya. Isaka naye hajui. Ninachokijua ni yuko mikononi mwa nani. Na mikono hiyo ilikuwa inamjua kabla meli ya kwanza ya wazungu haijachongwa. Hilo naliamini. Ungenikuta peke yangu duniani ningeliamini."

Baba alinitazama, na macho yake yakajaa. Hakuyafuta. Alichukua tezo yake tena, akachonga kidogo, akasema, "Isaka bado anafundisha Jumatano?"

Alirudi darasani Jumatano hiyo hiyo, na mimi nikaenda naye, maana nilitaka kuona. Isaka alinisikiliza nikisimulia, akakuna shingo, akasema, "Alute, nilikujibu haraka." Nilimheshimu sana kwa maneno hayo matatu. Wako wakubwa wengi ambao wangekufa nayo kooni.

Pasaka ya mwaka uliofuata mtama ulikuwa umesimama mrefu pande zote za kanisa. Shati lilikuwa limembana baba mabegani, maana miaka haikulisubiri, na mama alikuwa ameachia mishono ya makwapani. Walikuwa kumi na mmoja mbele. Desturi ilikuwa kwamba kila anayebatizwa anaacha jina la kwao na kuchukua jipya, na Isaka alikuwa amemwandikia mchungaji orodha. Antipasi. Petro. Dorika. Kila mmoja alijibu jina lake jipya kwa woga, kama mtu anayejaribu viatu.

Ikafika zamu ya baba. Mchungaji akasoma kwenye karatasi: "Simeoni."

Baba hakuitika.

"Simeoni," mchungaji akarudia, akidhani mzee hasikii.

"Naitwa Alute," baba akasema. Isaka alitaka kuinuka. Mama akamshika mkono. Baba aliongea Kiswahili chake cha shida, polepole, ili kila mtu asikie. "Mchungaji, usikasirike. Simeoni ni jina zuri. Lakini mama yangu alinitaja kwa Mungu kila asubuhi, miaka mingi, na alisema Alute. Leo ukimpelekea Mungu Simeoni, atauliza huyu ni nani."

Mchungaji alitazama karatasi yake. Akaikunja, akaitia mfukoni, akachovya mkono majini.

"Alute," akasema, na baba yangu akaitika kwa sauti iliyofika mpaka kwenye mtama.